Hiari ya nani? Kuhusu pakeji, panga na saini yako

Juzi usiku binamu yangu kanipigia simu saa nne na nusu, na mtu akikupigia saa ile bila hata kutuma meseji kwanza unajua kabisa ni msiba au ni kazi. Ilikuwa kazi. "Kaka shikamoo, samahani nakuamsha, wametutolea ile barua ya kuondoka kwa hiari, tuna wiki mbili tu za kujibu, sa mi nichukue au nikae?" Nikamwambia marahaba, nisomee. Akanisomea yote, kurasa tatu, na mimi nimekaa kitandani gizani nasikiliza maneno ambayo niliyasoma mwenyewe miaka sita iliyopita kwenye kampuni nyingine kabisa, sekta nyingine kabisa, yaani mpaka ile sentensi ya "tunathamini mchango wenu" ilikuwa palepale, aya ya pili.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia ngoja nikuandikie, manake jibu la chukua au usichukue ni rahisi kulitoa ukiwa kitandani, afu kazi si yako na hela si yako. Nikaanza kumwandikia WhatsApp, ikawa ndefu mno, nikaona bora niimwage hapa kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza na naona hatakuwa wa mwisho.

Kwa ambaye hajakutana nayo, mambo huwa hivi. Kampuni ikitaka kupunguza watu ina milango miwili. Mlango wa kwanza inatangaza kwamba anayetaka kuondoka ajitokeze, atapewa kiasi fulani, ndo hiyo pakeji, mwisho tarehe fulani. Hiyo ndo hiari. Mlango wa pili inachagua yenyewe, unaitwa chumbani au unaamka unakuta imeli, unapewa chako unaenda. Hilo ndo panga. Mara nyingi vinafuatana, hiari kwanza, panga baadaye, na ile ya hiari mara nyingi ndo nono zaidi. Watu wengi wanaishia hapo. Hiari nono, panga jembamba, basi chukua hiari. Na mimi kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia watu hivohivo, kwa sababu mimi sikuchukua na nilijiona mjinga.

Yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka tisa pale. Wakatangaza mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya, usizidi miezi kumi na mbili, na bima ya afya inaendelea miezi sita. Kwa hiyo mimi changu miezi tisa. Notisi ilikuwa inalipwa kwenye milango yote miwili kwa hiyo tuiache. Tukapewa wiki tatu kufikiria. Siku ya kutangaza mkubwa mmoja akasimama mbele ya mitingi akasema "wenzangu, hiari yashinda utumwa", watu wakacheka, na mimi nikacheka, mpaka leo sijui nilikuwa nacheka nini.

Sikujitokeza. Bosi wangu alikuwa amenivuta pembeni kaniambia wewe usiwe na wasiwasi, na mi hilo neno nikalichukua kama mkataba. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba bosi wa ngazi ile huwa hajui kitu, majina yanapangwa juu yake huko, na mara nyingi lake nalo limo. La kwake lilikuwemo.

Miezi nane mbele panga likapita. Safari hii wiki mbili kwa kila mwaka, kwangu wiki kumi na nane, miezi minne na chenji, bima inakata mwisho wa mwezi. Kila niliyemsimulia alikuwa na jibu lile lile, umepoteza miezi mitano. Hata mke wangu alisema, kwa upole wake, ila alisema. Na mimi niliiamini hiyo hesabu mwaka mzima, ilikuwa inaniamsha usiku kabisa.

Kumbe ni hesabu mbovu. Siku moja nikachukua karatasi nikaandika. Nilikaa miezi nane zaidi na yote nililipwa mshahara. Nane ukijumlisha na minne ya panga ni kumi na mbili. Ningeondoka kwa hiari ningepata tisa. Kwa hela tupu niliyekaa nilipata zaidi! Tofauti ya pakeji mbili ni miezi mitano, kwa hiyo ukiondoka kwa panga kabla ya miezi mitano kuisha umepoteza, ukipita miezi mitano umeshazirudisha, na kila mwezi unaopita hapo ni faida. Hiyo ndo hesabu ya kwanza nilimwambia binamu aifanye, atoe pakeji ya panga kwenye pakeji ya hiari, apate idadi ya miezi, afu ajiulize kama anaona kampuni ina uvumilivu wa miezi hiyo. Kama pakeji ya panga haijatajwa, aulize ya mwaka uliopita ilikuwaje, au aweke kima cha chini cha sheria.

Lakini nisimalizie hapo maana nitakuwa nimewadanganya. Kwenye ile karatasi kuna kitu hakipo, nacho ni kwamba niliingia sokoni siku mbaya. Waliochukua hiari walikuwa kama thelathini, wametoka idara mbalimbali, kila mtu kapenya kivyake kimyakimya. Siku ya panga tulikuwa zaidi ya mia mbili, wiki moja, wengi wetu sivii zinafanana mpaka majina ya miradi, wote tunagombea nafasi zilezile chache, naingia kwenye usaili nakutana na mtu tuliyekuwa tunakaa naye meza moja, tunasalimiana kama watu waliofumaniwa. Nilikaa miezi kumi na moja bila kazi. Mzee mmoja wa idara ya kompyuta aliyechukua hiari alipata kazi mwezi wa tatu, kwa hiyo miezi sita yote iliyobaki alikuwa kama anakula mishahara miwili. Mzee yule wala hakuwa na akili ya ajabu ya biashara, alikuwa tu anajua kuna mahali wanamtaka.

Kwa hiyo hesabu ya pili, na hii ina uzito kuliko ya kwanza, ni utachukua muda gani kupata kazi nyingine. Uijibu kwa ukweli, usiijibu kwa matumaini. Mtu mwenye uhakika wa miezi miwili, hiari kwake ni zawadi. Mtu mwenye umri mkubwa kidogo, au ujuzi unaotumika kwenye kampuni mbili tatu tu, au ambaye kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye hiyo kazi, huyo hata miezi tisa inaweza isimfikishe, na mshahara wa kila mwezi unaokuja kwa mashaka bado ni mshahara.

Sasa hapo angalia upande wa kampuni, kuna kitu cha kuchekesha. Kama hiari inamfaa zaidi yule mwenye pa kwenda, basi wa kwanza kukimbia ni wale wale ambao kampuni isingependa waende. Delta Air Lines mwaka 2020 wakati ndege zimesimama kwa sababu ya korona walitoa hiari, zaidi ya watu 17,000 wakaondoka. Abiria walipoanza kurudi shirika likawa linahangaika kuajiri na kufundisha upya. Kampuni zinalijua hili. Ndo maana kwenye barua za hiari, ukisoma chini kule, kuna mstari unaosema kampuni ina haki ya kukubali au kukataa ombi lolote. Watu wanaupita huo mstari. Mimi niliupita. Dada mmoja wa mahesabu naye aliupita, na nataka nimwelezee huyu kwa kirefu maana yeye ndo aliyenifungua macho.

Huyu dada alijitokeza siku ya kwanza kabisa. Alikuwa na mipango yake, anataka kurudi shule, alishapiga hesabu mpaka senti ya mwisho. Baada ya wiki mbili akajibiwa kwa barua kwamba ombi lake halikukubaliwa kwa sababu nafasi yake ni muhimu kwa uendeshaji. Sawa. Sasa fikiria anavyorudi kwenye kiti chake Jumatatu. Ameshamwambia bosi wake kwa maandishi kwamba anataka kuondoka, na bosi sasa anajua. Mradi mpya ukija hapewi, kwa nini umpe mtu ambaye roho yake haipo? Mafunzo hapelekwi. Hakuna aliyemtendea ubaya wa wazi, mtu akikuuliza ungeshindwa hata kueleza, ila alikuwa kama mgeni aliyeaga afu akakosa usafiri.

Panga lilipopita miezi nane mbele jina lake lilikuwemo. Wiki mbili kwa mwaka, kama mimi. Akawauliza, si mliniandikia nafasi yangu ni muhimu? Wakamjibu mahitaji ya biashara yamebadilika. Wengi wetu tulisaini siku ile ile, mimi nilisaini kwenye kile chumba, kalamu ya kwao, machozi yananilenga, nataka tu nitoke mule ndani. Yeye hakusaini. Alichukua ile karatasi pamoja na barua yake ya kukataliwa akaenda kwa wakili, wakili akaandika barua ya ukurasa mmoja. Mahakamani hawakufika. Walikaa mezani mara mbili, akaondoka na kiasi kinachokaribia kile cha hiari aliyonyimwa. Kwa sababu kampuni ilikuwa imeandika yenyewe, na tarehe ipo, kwamba nafasi hii haiwezi kuondolewa, afu miezi nane mbele inasema nafasi hii haina kazi. Hakuna mtu wa HR aliyetaka kuyasoma hayo mawili mbele ya jaji.

Aliponisimulia nilikaa kimya muda mrefu. Mimi siku zote nilikuwa nafikiri ile hela ya kuondokea ni shukrani, au ni bei ya miaka yangu, si ndo maana wanapiga hesabu kwa mwaka? Mwaka ni kipimo tu cha kugawia. Kinachonunuliwa ni saini. Ile karatasi ya mwisho inayosema hutaidai kampuni kitu chochote, leo wala kesho, kwa sababu yoyote inayohusu ajira yako, ile ndo bidhaa, na pakeji ndo bei yake. Mi niliuza bila kujua nauza.

Ukitaka kuliona hili vizuri angalia Marekani. Kule sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa hela ya kuachishwa kazi, hata siku moja, na bado kampuni nyingi zinalipa. Wema? Zinalipa ili usaini. Na kwa sababu bunge lao liliona wazee wanasainishwa haraka haraka, kuna sheria ya mwaka 1990 inayowalinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, kwamba kwenye mpango wa kundi, uwe wa hiari au wa panga, lazima apewe angalau siku 45 za kufikiria, ashauriwe kwa maandishi aone wakili, aoneshwe orodha ya vyeo na umri wa waliolengwa na wasiolengwa, na hata akishasaini ana siku 7 za kubadili mawazo. Soma tena hiyo ya siku 45 afu nikumbuke mimi na kalamu yangu.

Sehemu nyingine sheria imeweka sakafu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema aliyepunguzwa kwa sababu nafasi imefutwa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 iliweka siku 7 za mshahara wa msingi kwa mwaka, zisizidi miaka kumi. Uingereza inategemea umri, nusu wiki, wiki moja au wiki moja na nusu kwa mwaka, ukishafikisha miaka miwili kazini, na wiki yenyewe ina kikomo chake cha hela. Hiyo sakafu ni yako usaini usisaini. Kwa hiyo unapoletewa pakeji, kabla hujafurahi, toa kwanza vilivyo vyako. Toa kima cha chini cha sheria, toa notisi, toa siku za likizo ambazo hujazitumia, toa bonasi ambayo ulishaifanyia kazi. Nimeshaona barua inasema jumla ya miezi saba, mtu anatabasamu, ukiipasua ndani miezi minne alikuwa anaipata hata angekataa kusaini. Hiyo mitatu inayobaki ndo bei ya saini yake. Sasa hapo ndo mtu ajiulize kama bei inamfaa.

Na hapa ndo hiari na panga vinapotofautiana kweli, kuliko hata hela. Ukipigwa panga, kampuni ndiyo iliyovunja ajira, na ina maswali ya kujibu. Kwa nini mimi, kwa vigezo gani, mlishauriana na nani, mlijaribu kunihamishia idara nyingine? Ukijitokeza kwa hiari maswali mengi yanakufa hapohapo, kwa sababu wewe ndo umesema naenda. Kwa hiyo pakeji ya hiari inakuwa nono kwa sababu unauza vitu viwili, saini na maswali. Hili neno nani-kavunja-ajira lina uzito mpaka kwenye takwimu. Marekani wana sheria ya mwaka 1988 inaitwa WARN, mwajiri wa watu 100 kwenda juu akifunga kituo au akipunguza kwa wingi lazima atoe notisi ya siku 60. Ila kwenye kuhesabu waliopoteza kazi, aliyeondoka kwa hiari hahesabiwi. Unaona mchezo? Kila anayejitokeza anapunguza ile namba inayomlazimu mwajiri kutoa notisi. Tanzania ile hela ya siku 7 sharti mojawapo ni kwamba mwajiri ndo awe amekatisha ajira, kwa hiyo karatasi ikisema umejiuzulu umejitoa mwenyewe kwenye hesabu. Uingereza wao wako vizuri kidogo, ukijitolea kupunguzwa na ikafanyika sawasawa, kisheria bado ni mwajiri aliyekuachisha, haki yako ya malipo inabaki, na pauni 30,000 za kwanza za hayo malipo hazikatwi kodi ya mapato. Na penye fao la kukosa ajira, swali la kwanza wanalokuuliza huwa ni hilohilo, uliacha au uliachishwa.

Nisije nikaonekana nachukia hiari. Ikifanyika kwa uungwana ni kitu kizuri, inaokoa watu ambao hawana pa kwenda. General Motors, wale watengenezaji magari, mwaka 2023 waliwatangazia wafanyakazi wa ofisini wenye miaka mitano na zaidi kule Marekani, mwezi mmoja wa mshahara kwa kila mwaka mpaka miezi kumi na mbili, takriban watu 5,000 wakachukua, na kampuni ikasema kwa wakati huo haina haja tena ya kuwaondoa wengine kwa lazima. Hapo aliyeondoka kaondoka na chake, na aliyebaki kabaki kwa sababu ya yule aliyeondoka. Hiyo naiheshimu.

Inayonikera ni ile hiari ya mtutu. Wajapani wana neno lake kabisa, kata-tataki, maana yake kugongagonga bega, bosi anakuja nyuma yako taratibu anakugonga bega, unaonaje ukapumzika? Ukikataa anakuja tena wiki ijayo. Na wana neno lingine baya zaidi, oidashibeya, chumba cha kufukuzia, unahamishiwa kwenye chumba kisicho na kazi ya maana mpaka uchoke uombe mwenyewe. Halafu mwisho wa mwaka utasikia wote waliondoka kwa hiari.

Twitter Novemba 2022, baada ya Elon Musk kununua, ilienda imeli ya usiku inawaambia waliobaki wabonyeze ndiyo kama wako tayari kwa kazi ngumu kupita kiasi, wasiobonyeza mpaka saa kumi na moja jioni siku inayofuata, miezi mitatu ya mshahara na kwaheri. Siku moja! Mimi hata kununua viatu natumia zaidi ya siku moja. Na Januari 2025 serikali ya Marekani iliwatumia wafanyakazi wake wa shirikisho imeli kwamba ukikubali kujiuzulu sasa utalipwa mpaka tarehe 30 Septemba, walipewa siku chache tu hivi, kama 75,000 wakakubali kwenye awamu ile. Wengine walikuwa hawajamaliza hata kujadiliana nyumbani, na ndani ya Februari iliyofuata maelfu ya walio kwenye kipindi cha majaribio wakaanza kuondolewa bila kuulizwa. Aliyekubali kwa hofu alionekana mwerevu, ila hofu iliyokuja kuwa kweli bado ilikuwa hofu, mi siiiti hiari.

Namna yangu ya kupima siku hizi ni ndogo tu. Naangalia mtu ukisema hapana nini kinatokea kesho yake. Kama kesho yake unaamka unaenda kazini, kazi ni ileile, mshahara uleule, bosi hana kinyongo, basi ni hiari. Kama kesho yake umewekwa kwenye orodha, hiyo ni panga imevaa suti. Nayo ijadili kama panga, uliza vigezo, omba maandishi, usitoe yale maswali yako bure.

Na usiogope kuomba. Hili nalirudia kwa kila mtu. Kiasi chenyewe kwenye hiari mara nyingi kimefungwa kwa sababu ni formula ya wote, ukiomba waongeze mwezi watakuambia hatuwezi kwa sababu ya wengine, na ni kweli. Vinavyosogea ni vingine. Tarehe ya kuondoka, maana ukisogeza wiki tatu unaweza kuangukia upande wa pili wa bonasi, au hisa ulizoahidiwa zikakomaa, yaani zikawa zako kabisa, au malipo yakaingia mwaka mwingine wa kodi badala ya kurundikana yote kwenye mwaka mmoja na kukupandisha daraja la kodi. Bima. Barua ya utambulisho, na iandikwe kabla hujasaini, baada ya hapo mwandishi wake naye anaweza kuwa keshapigwa panga. Kile kifungu cha kukukataza kufanya kazi kwa washindani. Kile cha kurudisha hela ukiajiriwa tena na kampuni hiyohiyo. Na maneno, maneno yenyewe yaliyoandikwa, nani kavunja ajira na kwa sababu gani.

Kitu kimoja sijawahi kukipatia jibu ni cha wale wanaobaki. Baada ya hiari ya kwanza sisi tuliobaki tulikuwa tunawacheka kidogo walioenda, eti waoga. Baada ya panga waliobaki hawakucheka mtu. Walikuwa wanafanya kazi ya watu watatu, na nasikia hiari nyingine ilipotangazwa mwaka uliofuata ofisi ilijaa foleni, na safari hiyo pakeji ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoikataa mimi.

Basi binamu. Nilimtumia haya kwa vipande vipande, akayasoma, akanipigia jana mchana akiwa nje ya jengo lao nasikia na magari. Amepiga hesabu zote mbili. Tofauti ya pakeji kwake ni miezi minne, na kuna mahali ameshafanya usaili wa kwanza, kwa hiyo anaegemea kuchukua. Ila kwenye ukurasa wa tatu akakuta wameandika "mfanyakazi amejiuzulu kwa hiari yake mwenyewe." Akaniuliza hii ina shida? Nikamwambia waandikie leo, kwa adabu, uwaombe isomeke kwamba ajira imekoma kutokana na kampuni kupunguza wafanyakazi, kupitia mpango wa hiari wa kampuni. Kama ni kweli ndo kilichotokea, kwa nini wasiandike?

Jioni kanipigia tena, sauti nyingine kabisa. Wamebadilisha. Ndani ya saa mbili tu, bila hata kumuuliza kwa nini, wamemrudishia karatasi mpya.

"Sasa kaka," akasema, "kama hilo wamelikubali haraka vile, si ningeomba na bima?"

Leo Jumanne, mwisho wa kujibu Ijumaa. Nikamwambia omba.